Kutoka kuziba tundu za flashi mpaka kusoma tabia ya mtu

Nilipoanza kazi ya IT kwenye kampuni moja hapa Dar, ulinzi wa data ulikuwa gundi. Yani tunapita meza kwa meza tunaziba tundu za flashi, tunasaini fomu, tumemaliza. Alafu jamaa wa mauzo akaacha kazi na listi nzima ya wateja, kumbe alikuwa anaipiga picha kwenye skrini na simu yake kidogo kidogo. Iliniuma sana, wale wateja walituamini, na tangu hapo nafuatilia haya mambo.

Hata wakubwa yamewakuta. Jeshi la Marekani lilipiga marufuku flashi 2008 kwa sababu ya virusi, lakini 2010 mwanajeshi wao Chelsea Manning akiwa Iraq akatoa nyaraka za siri kwa CD iliyoandikwa Lady Gaga juu kama vile ni ya muziki, maana umeziba huku kule kuko wazi.

Ndo zikashika kasi programu za kusoma kilichomo ndani ya faili. Ukituma imeili yenye namba ya kadi ya benki inakuzuia, na haiangalii tarakimu 16 tu, inapiga hesabu kujua kama hiyo ni namba ya kadi kweli. Nzuri, ila kitu kikifichwa haioni. Pale GE, kampuni kubwa ya Marekani, tawi la New York, injinia Xiaoqing Zheng alificha mafaili ya mitambo ya umeme ndani ya picha ya jua linazama akajitumia kwenye imeili yake, na picha ni picha tu, nani ataizuia? Alinaswa 2018 kwa sababu kampuni iliona kwenye kompyuta yake mafaili yaliyofungwa kwa programu ambayo wao hawaitumii, wakaanza kumfuatilia. Kilichomponza ni tabia.

Na huko ndo vifaa vya sa hivi vimehamia, vinajifunza wewe kila siku unafungua nini, saa ngapi, mafaili mangapi, siku ukishusha elfu tatu usiku wa manane wiki moja kabla ya kuacha kazi kengele inalia. Mi naamini hii ni hatua kubwa kweli.

Lakini kesi ya Morrisons, yale masupamaketi ya Uingereza, bado inanisumbua. Andrew Skelton alikuwa mkaguzi wa ndani, alipewa data za mishahara ya wafanyakazi awapelekee wakaguzi wa nje, kazi halali kabisa, akabaki na kopi na 2014 akamwaga mtandaoni za watu karibu 100,000. Alikuwa na kinyongo, 2013 alipewa onyo la nidhamu. Alifungwa miaka 8. Sasa programu gani ingeona kinyongo? Bosi wake wa karibu ndo angeweza kuona, kama angekaa naye akamsikiliza baada ya lile onyo.

Ndo maana nilipo sasa nimeomba HR, yani idara ya wafanyakazi, watuambie mapema mtu akipewa onyo au akiandika barua ya kuacha kazi, tupitie mafaili na mifumo aliyofunguliwa tupunguze isiyohitajika, na mtu mwenyewe tunamwambia usoni tumepunguza nini na kwa nini. Mfanyakazi mpya naye siku ya kwanza namkalisha kwenye skrini yangu namuonyesha kila kitu kinachorekodiwa. Wengi wanauliza kama tunasoma wasap zao, nawajibu hapana, na nawafungulia setingi waone wenyewe.