Mabadiliko manne yaliyogeuka manane

Jumatano jioni mvua ilitushukia Kisumu kutoka upande wa ziwa, stima ikapotea na intaneti ikaifuata. Zamani kazi yangu ingekomea hapo, kwa sababu msimbo wa programu za ofisi yetu umewekwa katika seva moja ya Subversion, mfumo wa kutunza kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, na Subversion haipokei badiliko lolote usipoifikia seva hiyo. Siku hizi kwenye laptopu yangu natumia Git, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, ambao hubeba historia nzima ya mradi kwenye laptopu yenyewe, na daraja liitwalo git-svn huzipatanisha hizo mbili. Kwa hiyo nilihifadhi mabadiliko manne gizani kabla betri haijakata roho.

Haraka ndiyo iliyoniponza. Kabla ya kutuma chochote kwenye seva, nilimpa mwenzangu tawi langu, yaani mfululizo wangu wa mabadiliko, kwa flashi alikague, kwa kuwa naye hutumia daraja lilo hilo. Asubuhi nilitoa amri ya dcommit, ambayo hulifanya kila badiliko la Git kuwa toleo moja la Subversion lenye nambari inayofuata. Nilichosahau ni kwamba daraja huongeza mstari wa git-svn-id chini ya maelezo ya kila badiliko. Na kwa kuwa Git hukokotoa utambulisho wa badiliko, ule mfuatano wa herufi na tarakimu 40, kutokana na yaliyomo, tarehe, mzazi wake (yaani badiliko lililolitangulia) na hayo maelezo yenyewe, mabadiliko yangu yalipata utambulisho mpya bila mstari hata mmoja wa msimbo kuguswa. Mwenzangu alichota ya seva, akayaunganisha na tawi nililompa, akaona manane.

“Omera, mbona umenizalia mapacha?” aliniuliza, huku akinionyesha maelezo yale yale yamejirudia kwenye skrini.

Nilitaka kuilaumu Git, lakini Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005 hakuwa na nia ya kuitumikisha chini ya seva moja inayopanga kila kitu kwenye foleni. Historia ya Subversion tunayoitumia imenyooka kama reli, na matawi yaliyounganishwa huingia humo kwa shida; anayepitia darajani sharti afuate desturi za mwenyeji.

Tulifuta ule muungano, kisha akatumia git svn rebase, amri ya kuipanga kazi yako upya juu ya iliyoko kwenye seva, ambayo iliyatambua mabadiliko manne ya zamani kuwa yameshafika kwenye seva na kuyaruka. Dakika kumi hivi zilitosha. Flashi yangu bado anayo, na amesema hairudishi mpaka nimnunulie samaki pale Dunga.