Nimerudi Sinza na orodha ya CD za Wema

Wenzangu wa Ruwi, huko Muscat, zile CD mlizoniagiza zifuteni. Hazipo.

Niliondoka Dar mapema 2007, taji la Miss Tanzania 2006 likiwa bado la moto kichwani mwa Wema Sepetu. Mnakumbuka mtaa ulivyobishana, hawa wa Wema, wale wa Jokate aliyeshika namba mbili. Wema, mtoto wa Balozi, akaenda Poland kwenye Miss World, akarudi mikono mitupu, na kabla hatujamaliza kumsema akaibuka kwenye filamu na mwigizaji Steven Kanumba. Hizo mimi nimezionea Muscat, kwa CD za kubebewa na wasafiri. Sehemu ya kwanza inakatika kilio ndiyo kwanza kimeanza, unakaa miezi ukingoja ya pili.

Basi juzi nikaenda lile duka la kukodisha, pale Kijiweni. Siku hizi ni bonanza, kamari ya mashine. Mashine nne, vijana wamezikodolea macho, sarafu zinalia. Juu ya mlango kimebaki kipande cha bango ambacho gundi imegoma kukiachia: nusu uso wa mwanamke, nyusi moja ya kuchonga, kucha nyekundu shavuni. Nikaduwaa pale nikijaribu kuitambua ile nyusi, mpaka kijana mmoja akageuka: "Mama, unataka sarafu?"

Mama! Niliondoka naitwa dada.

Mlango wa pili wanaingiza muvi kwenye flash. Nikauliza za Bongo za zamani. "Hizo haziulizwi. Nikuwekee za Kikorea, zimetafsiriwa." Nikatoka bila kuaga.

Kilichonichoma zaidi ni nyumbani. Binti wa dada yangu ana miaka 17, na Wema anamjua kuliko mimi: aliyemwacha, aliyemrudia, alivyohamia Chadema 2017 na mwaka huohuo akarudi CCM. Nikamwambia huyu alikuwa mwigizaji, alikuwa na kampuni yake, Endless Fame, na 2012 mwigizaji Omotola alitoka Nigeria kuja kuhudhuria uzinduzi wa filamu ya Wema. Kaniangalia kwa huruma. "Mamdogo, kumbe aliigiza?"

Jokate naye anamjua tangu alipokuwa mkuu wa wilaya Kisarawe. Eti warembo? Wote wawili? Jukwaa moja?

Na sisi Aprili 2012, Kanumba alipofariki, tulikaa matanga chumba kizima, watu sita, simu moja.

Mkirudi, chukueni ushauri wangu wa bure: msibishane na watoto hawa kuhusu staa yeyote. Wana bando, nyie mna kumbukumbu.

Nimebakiwa na CD moja, sehemu ya kwanza, imejaa mikwaruzo, na laptopu ya mtoto haina hata pa kuiingizia. Mwenye ya pili huko asiitupe. Ampe mtu anayekuja.