Kodi iliyotangulia mkataba

Nilipokuwa nasoma Paris nilijiunga na darasa la jioni la kusoma hati za kale. Tulianza na Kilatini cha karne ya 13, mwandiko ambao m, n, u na i zote ni vijiti vilivyopangana kama fito za ua, tena i haina nukta. Neno "minimum" ni vijiti 15 mfululizo. Unavihesabu kwa ncha ya kalamu. P iliyokatwa mkia kwa kistari husomwa "per". Nikajipa moyo kwamba Kifaransa kitakuwa nafuu. Thubutu! Makarani wa karne ya 16 waliandika kama wanaofukuzwa.

Jioni moja Madam alitugawia nakala mbili za karani wa mikataba wa Paris. Ya kwanza: mkataba wa kupanga nyumba, Desemba 1551. Ya pili: risiti ya kodi ya nyumba hiyohiyo, Januari 1551. Huyu mtu kalipa kodi miezi 11 kabla ya kupanga? Nikarudia mwaka herufi kwa herufi, "mil cinq cens cinquante ung", hakuna ubishi. Nikaandika pembeni, kwa wino: "Karani amekosea." Nikajiona bingwa.

Madam aliinama begani kwangu, akasoma, akauliza, "Mwaka wao ulianza lini?"

"Januari," nikajibu, nikishangaa swali lenyewe.

"Hapa ulianza Pasaka."

Kumbe Januari ile ilikuja baada ya Desemba ile. Kwetu sisi ni 1552. Mfalme Charles IX ndiye aliyeamuru, mwaka 1564, mwaka uanze Januari mosi. Na kwa kuwa Pasaka huhama, kuna miaka iliyokuwa mirefu kuliko mingine.

Aibu yangu ni kwamba nimelelewa Pemba. Bibi yangu alihesabu miezi tangu Ramadhani inapokwisha: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu. Muharram ikiingia na mwaka wa Kiislamu ukigeuka, kwake ni Mfunguo Nne tu, anaendelea na hesabu yake.

Nilimsimulia Madam. Akaniomba nimwandikie hiyo mifunguo ubaoni, akainakili yote.

"Basi bibi yako asingekosea hii risiti," akasema.

Nikamwambia bibi alisoma herufi za Kiarabu tu. Kisha nikakata "amekosea" kwa kistari.