Praima ya sanamu ndogo: nilivyoipata nikiwa Kigoma

Kama unapaka rangi sanamu ndogo, zile za milimita 28 zinazoenea kwenye kiganja, na unaishi Kigoma, kopo la kupuliza la praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikisha zile za juu, ulilolizoea Ulaya hutaletewa kwa posta wala kwa begi la ndege. Njia hizo zote nimezipitia. Iliyonifaa mwishowe imetoka sehemu mbili: kwa mafundi wa rangi za magari hapa Mwanga, mjini Kigoma, na kwenye chupa ya praima ya maji inayopakwa kwa brashi. Naandika kwa sababu najua wapo wenzangu waliorudi nyumbani na maboksi ya sanamu, na mpaka leo ziko chini ya kitanda zinasubiri rangi.

Mimi kazi hii niliianzia Nottingham nilipokuwa masomoni. Ndiko yaliko makao makuu ya Games Workshop, watengenezaji wa Warhammer, mchezo wa mezani wa sanamu ndogo, na ukiingia dukani kwao kopo la Chaos Black, praima yao nyeusi ya kupuliza, liko rafuni, unalipa unaondoka. Nilirudi Kigoma kufundisha historia sekondari, na begi langu lilikuwa na sanamu za aina mbili: za plastiki, na za bati zinazoonyesha wapagazi, askari na wafanyabiashara wa karne ya 19. Nilitaka kupanga msafara wa Ujiji juu ya meza, ili kitu ambacho kitabuni kimeandikwa mistari miwili wanafunzi wakione kwa macho. Nilipowaonyesha sanamu zikiwa bado hazijapakwa chochote, kijana mmoja wa kidato cha pili alimshika mpagazi mwenye pembe ya ndovu begani akauliza, "Mwalimu, huyu anaenda upande gani?" Nikamrudishia swali. Akafikiri kidogo, kisha akamgeuza aelekee mashariki, njia ya Tabora na Bagamoyo, kwa sababu pembe zilikuwa zikitoka huku kwenda pwani. Zilizokuwa zikiingia ni nguo, shanga na nyaya za shaba. Tangu siku hiyo sikutaka tena sanamu zile zibaki kijivu.

Kwa nini praima, na siyo kupaka rangi moja kwa moja? Rangi tunazotumia ni akriliki, yaani rangi za maji. Ukiipaka juu ya plastiki tupu haitulii: inajikusanya matone, inakimbia kwenye magoti, kwenye pua, kwenye ukingo wa ngao, zile sehemu hasa unazotaka zionekane. Ikikauka, ukucha tu unaibandua. Praima inashika plastiki au bati, na juu yake inaacha uso usiong'aa, wenye ukwaru kidogo ambao rangi inaukamata. Ukiiruka, kazi ya wiki nzima inachubuka mikononi mwa watoto kwa kipindi kimoja.

Rafiki yangu niliyemwacha Uingereza alinunua makopo akayapeleka posta. Wa kaunta akamuuliza kilichomo, akajibu rangi ya kupuliza, mzigo ukarudishwa palepale. Wa kaunta alikuwa na haki. Gesi inayosukuma rangi ndani ya kopo kwa kawaida ni propani, butani au dimethili etha, na zote zinashika moto. Kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari makopo haya yana namba yake, UN 1950, na posta ya kimataifa haiyabebi. Begi la abiria ni hivyohivyo: deodoranti inaruhusiwa kwa kiasi, rangi ya kupuliza hairuhusiwi, iwe begi la mkononi au lile la chini ya ndege. Utasikia watu wanasema liviringishe kwenye nguo, litapita. Tafadhali usifanye, na usimwombe ndugu yako akubebee. Ndege ile ina watu.

Nikageukia tulichonacho. Mwanga kuna gereji zinazonyoosha bodi na kupiga rangi, na palipo na gereji maduka ya rangi za magari hayako mbali. Spreyi zipo: nyeusi, nyeupe, za fedha, na ukiuliza, praima ya kijivu. Muuzaji akataka kujua ni ya gari gani. Nikatoa mpagazi mfukoni nikamweka kaunta. Akacheka kwa furaha, akamwita fundi wa jirani, mzee aliyekuwa na mikono myeupe kwa vumbi la pati, ile ya kusawazishia bodi ya gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haka kamtu ni ka nini, mwalimu?"

"Ka bati, mzee. Nataka nikapige praima, halafu rangi nitakapaka kwa brashi."

Akakageuza, akakakwaruza kwa ukucha chini ya miguu. "Bati halina neno, hii itashika. Za plastiki unazo?"

"Ninazo nyingi."

"Basi hizo usizipulizie kabla hujajaribu. Bampa ya plastiki tunaipiga kwa praima yake. Hii ina thina kali, kuna plastiki zinalainika."

Mtu ambaye hajawahi kushika sanamu ya namna hiyo alinipa jibu sahihi kabisa, kwa sababu anaijua kazi yake. Sanamu nyingi za plastiki ni polistirini, na polistirini inayeyushwa na vitu kama asetoni na tolueni, ambavyo rangi nyingi za magari huwa navyo. Hata gundi tunayounganishia vipande vya plastiki inafanya kazi hivyohivyo: inaziyeyusha pande mbili zikashikana.

Nyumbani nikachukua vipande vya fremu, vile vijiti vya plastiki ambavyo sanamu hukatwa kutoka kwake. Ni plastiki ileile na kazi yake imeshaisha, kwa hiyo hakuna kinachoharibika. Kipande kimoja nilikipitishia praima kidogokidogo, nikisubiri ikauke kabla ya kurudia. Kingine nikakilowesha makusudi. Kile kilicholowa, nilipokigusa baada ya dakika chache kilinata, mistari ya kidole changu ikabaki imechapika juu yake, na namba za vipande zilizochomoza kwenye fremu zikawa zimezama kama sabuni iliyosahauliwa majini. Kile kingine kilikauka safi, namba zote zinasomeka.

Kwa hiyo kopo la magari linaweza kutumika kwenye plastiki, ila kwa tabaka jepesi sana, na kila aina mpya ya kopo ijaribiwe kwanza kwenye fremu. Mimi sanamu ya plastiki yenye uso nilioupenda siipelekei kopo hilo. Za bati zote nimezipiga kwa hilo, na praima haijachubuka hata baada ya kushikwa na darasa zima.

Mzee alinialika gerejini nione mkono unavyokwenda, na hili ndilo lililonisaidia kuliko yote. Kopo litikiswe mpaka gololi ya ndani igonge vizuri, na baada ya hapo uendelee kulitikisa kwa dakika mbili. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza pembeni, kabla hujafika kwenye kitu, pita juu yake, uachie ukiwa umeshavuka. "Ukianzia juu yake, tone la kwanza linamwagikia hapohapo," akaniambia, akanionyesha kwenye kipande cha bati. Kweli, lilitiririka. Ukimaliza, pindua kopo kichwa chini upulize mpaka itoke gesi tupu, ili mdomo wake usizibe.

Hali ya hewa yetu ina mambo yake. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi, kuna upepo na vumbi jekundu. Mimi hupuliza asubuhi, kabla vumbi halijaamka, sanamu zikiwa zimebandikwa kwa utepe juu ya ubao, ubao ndani ya boksi la kadibodi lililolazwa ubavu. Wakati wa mvua unyevu unakuwa mwingi na praima inaweza kukauka na ukungu mweupe. Siku za namna hiyo naacha. Ukipuliza kwa mbali mno napo, matone yanakauka angani na sanamu inakuwa na chengachenga kama imemwagiwa mchanga. Fanya kazi nje, vaa barakoa, kaa mbali kabisa na jiko la mkaa, na kopo lisibaki juani wala ndani ya gari lililofungwa: lenyewe limeandikwa lisifike nyuzi 50 za Selsiasi.

Wapo walionishauri rangi ya maji ya ukutani, au ile praima nyekundu ya mageti. Sizipendekezi. Ya ukutani haishiki plastiki, na ya mageti ni nzito, inafunika macho na vidole.

Za plastiki nimezimaliza kwa praima ya maji ya Vallejo, kampuni ya Hispania. Ni akriliki yenye poliurethani, inauzwa kwenye chupa ndogo na kubwa, mpaka ya mililita 200, haina gesi wala thina, kwa hiyo katazo la makopo haliihusu. Kwanza naosha sanamu kwa mswaki na sabuni ya vyombo, kwa sababu kiwandani huachiwa mafuta ya kuitoa kwenye kalibu. Ikishakauka, naweka tone kwenye kisahani, nachukua brashi laini, napaka tabaka jembamba na kulivuta haraka. Likianza kukauka silirudii tena, maana brashi italikwangua. Penye mikunjo ya nguo praima hupenda kutuama, naifyonza kwa ncha ya brashi nyingine yenye unyevu. Mara ya kwanza utaona madoadoa na utatamani kuongeza. Subiri. Inajinyoosha yenyewe inapokauka, na tabaka la pili linaziba palipobaki. Nairuhusu ilale siku nzima kabla ya rangi, na siipigi msasa, kwa sababu hung'oka vipande vipande.

Chupa yangu aliniletea dada aliporudi likizo. Kama na wewe unaagiza kwa mtu, mwambie akaze kifuniko, akizungushie utepe, aitie chupa ndani ya mifuko miwili ya plastiki na kuiweka kwenye begi la chini. Ya mililita 200 isiwe kwenye begi la mkononi, kwa kuwa viwanja vingi bado vinazuia chupa inayozidi mililita 100, na itachukuliwa kwenye ukaguzi.