Fulana iliyoloa juu ya mlima mdogo

Mlima tulioupanda Jumamosi iliyopita ni mdogo, na wako watakaosema kwamba ni kilima tu. Kutoka tulipoacha gari hadi kileleni mtu hupanda mita 480, na mwendo wote, kwenda na kurudi, haufiki kilomita 10. Niliwahi kuupanda mara kadhaa majira ya joto, mara moja nikiwa na kandambili miguuni, jambo ambalo sijivunii. Nadhani mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya niuendee kwa dharau safari hii, ingawa theluji ilikuwa imeanguka siku mbili kabla na kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 2 chini ya sifuri.

Kosa langu nililifanya kabla sijapiga hatua ya kwanza. Nilipofungua mlango wa gari baridi ilinipiga usoni, nami nikajibu kwa kuvaa kila kilichokuwamo begini: fulana ya pamba, sweta nzito ya sufu, na juu yake koti nene lililojazwa manyoya. Mwenzangu, ambaye amepanda milima mingi kuniliko, alifanya kinyume kabisa. Alivua koti lake nene, akalikunja na kulitia begini, akabaki na fulana ya sufu nyepesi na kikoti chembamba cha kuzuia upepo, huku akitetemeka waziwazi.

“Utaloa, kaka,” aliniambia.

Nilimjibu kwamba afadhali kuloa kuliko kuganda. Sikujua kwamba kwenye baridi mambo hayo mawili hufuatana.

Njia huanza kwa upole kando ya kijito, kisha huinuka ghafla ndani ya msitu. Hazikupita dakika ishirini jasho likawa linanitiririka mgongoni, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kubishana, niliona haya kusimama ili nivue. Mwili unaopanda mteremko mkali huzalisha joto jingi kuliko unaotembea tambarare, na nguo zinazomfaa mtu aliyesimama humpikia jasho mtu anayepanda. Wazoefu husema kwamba katika dakika kumi za kwanza ni lazima uhisi baridi kidogo, na kwamba ukiwa umestarehe wakati wa kuondoka, basi umevaa kupita kiasi. Nami nilikuwa nimestarehe kwelikweli.

Sitaki, hata hivyo, aibu yangu ifiche uzuri wa asubuhi ile. Sakitu ilikuwa imevika kila jani na kila utando wa buibui, na mahali ambapo jua lilipenya kati ya miti chembe za barafu zilidondoka moja moja bila sauti. Theluji hunyonya sauti, hasa ikiwa bado mpya na laini, hata tulikuwa tunasikia pumzi zetu na mkwaruzo wa buti tu. Nyayo za mnyama mdogo, huenda sungura, zilitangulia mbele yetu kama mita mia mbili, zikakata kulia na kupotelea vichakani. Kwenye kijito tulichelewa kuliko nilivyotarajia, kwa maana mawe ya kuvukia, ambayo siku za joto huyaruka bila kufikiri, yalikuwa yamefunikwa na barafu nyembamba isiyoonekana, tukayavuka kwa kuinama na kujishikilia kama wazee.

Tulipotoka msituni na kufika kwenye mgongo wa mlima, upepo ulitupokea. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mlima mdogo kama huu huongeza baridi ya nyuzi tatu tu. Hilo mtu hulivumilia. Lakini upepo una hesabu yake. Ukivuma kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa katika nyuzi 5 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huhisi kana kwamba ni nyuzi 13 chini ya sifuri. Hesabu hiyo, isitoshe, ni ya ngozi kavu. Yangu haikuwa kavu. Kila gramu ya jasho inayokauka mwilini huondoka na kilojuli 2.4 hivi za joto, nayo pamba, tofauti na sufu, hushika maji na kujilaza juu ya ngozi kama kitambaa cha kumpoza mgonjwa wa homa. Tulisimama dakika tano tu kutazama bonde, na katika dakika hizo tano nilipoteza starehe yote niliyoibeba tangu chini.

Kwanza nilitetemeka, na hilo halikunitisha, kwa sababu kutetemeka ni njia ya misuli kutengeneza joto. Kilichonitisha ni vidole. Nilivua glavu ili nifunge zipu ya koti hadi shingoni, nikaona kwamba siwezi kuishika. Vidole viliigusa bila kuihisi, nami nikacheka cheko la ajabu lisilo na sababu. Mwenzangu hakucheka. Alinivuta nyuma ya jabali lililokinga upepo, akatoa begini mwake fulana kavu ya akiba, akaniamuru nivue kila kitu cha juu. Kubaki kifua wazi kwenye theluji ni jambo ambalo akili hulikataa kwa nguvu zote, lakini lilichukua nusu dakika tu, na fulana kavu ilipogusa ngozi nilihisi tofauti papo hapo. Alinifungia zipu mwenyewe, kama mtoto anayeandaliwa kwenda shule, akanipa chai ya moto yenye sukari nyingi. Tulikubaliana kwamba kama baada ya dakika kumi za kutembea vidole vingekuwa bado vimekufa ganzi, tungegeuka. Vilirudi, kwa maumivu makali ya kuchoma, na nilifurahi kuumia.

Kileleni hatukukaa. Simu yangu, iliyokuwa na chaji nusu, ilizimika nilipoitoa kupiga picha, maana betri hudhoofika kwenye baridi. Ya mwenzangu ilikuwa imelala mfuko wa ndani karibu na mwili, ikafanya kazi. Chupa yangu ya maji ilikuwa imeziba kwa barafu mdomoni. Yake aliiweka kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu ya maji, hivyo iliganda upande wa kitako na kizibo kikafunguka bila taabu. Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kubishana naye juu ya lolote.

Kushuka kulikula muda kuliko kupanda. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ya kukadiria safari za mlimani: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo tungemaliza ndani ya saa tatu, lakini kanuni haihesabu mawe yenye barafu, wala mtu anayebadilisha fulana nyuma ya jabali. Sisi tulitumia saa tano na robo, na msituni tuliwasha tochi za kichwani, kwa sababu siku za baridi giza huingia mapema na chini ya miti huingia mapema zaidi.

Tulipofika kwenye gari nilifungua begi kutafuta ufunguo. Fulana yangu ya pamba, niliyoisokomeza juu juu kule jabalini, ilikuwa imekauka kwa namna yake: ilitoka ikiwa ngumu kama ubao, mikono yake imekunjika. Mwenzangu aliichukua, akaisimamisha juu ya boneti, nayo ikasimama yenyewe hadi injini ilipopata moto.