Madebe Manne na Ushei

Mahujaji wengi wa kwetu wamefika Beit Sahour bila kujua kwamba wamefika. Basi linawashusha kwenye Malisho ya Wachungaji, wanaimba wimbo mmoja wa Krismasi hata kama ni Julai, wanapiga picha, wananunua msalaba wa mzeituni, kisha basi linapanda kurudi Bethlehemu, ambako ni mwendo wa dakika chache tu kuelekea magharibi. Mji wenyewe wanauacha nyuma yao. Ni mji mdogo, watu 13,000 na ushei kwa sensa ya 2017, wengi wao Wakristo wa Kiorthodoksi, nyumba zake za mawe meupe zimepanda mteremko unaotazama nyika ya upande wa Bahari ya Chumvi.

Mimi nilifika Oktoba 2019 na kikundi cha vijana wa kanisa, tumekwenda kusaidia kuchuma zeituni. Tuligawanywa kwenye familia, na mimi nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi wa kuchonga. Sidhani kama ilikuwa bahati nasibu, maana kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwamba baba yangu alichonga vinyago Changamwe, kwetu Mombasa, mpaka macho yakamkatalia. Mzee alikuwa ameambiwa. Kabla sijaweka begi chini alinishika mkono, akaukagua kiganja, akamwambia bintiye kitu kwa Kiarabu. Binti akacheka: "Anasema wewe hujashika patasi hata siku moja." Kweli tupu. Baba alinikataza.

Karakana ilikuwa chini ya nyumba. Magogo ya mzeituni yamepangwa ukutani, yanakaushwa muda mrefu kabla ya kuguswa, kwa sababu mti mbichi ukichongwa utapasuka. Miti yenyewe haikatwi kwa ajili hiyo, yanatumika matawi ya kupogolewa. Kulikuwa na mashine yenye vichwa kadhaa: fundi anafuatisha umbo la ngamia mmoja kwa ncha, na vichwa vingine vinachonga ngamia wenzake papo hapo. Nilipoiona nikamkumbuka baba, ambaye alikuwa akitoa twiga mmoja baada ya mwingine kwa shoka na kisu. Uso, hata hivyo, mashine haiuwezi. Macho ya Mariamu na mikunjo ya kilemba cha Yosefu, Mzee alivimalizia kwa mkono, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

Nikamwuliza anauzaje. Bei aliyonitajia ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile niliyoiona dukani Bethlehemu siku iliyotangulia, kwa kinyago kilekile. Hakunishangaza. Mwenye duka ana fungu lake, mwongoza watalii ana lake, na aliyevuta vumbi kifuani ndiye wa mwisho kulipwa. Mombasa ni hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mtalii wa kwetu akikosekana, mchongaji anaweza kurudi kwao Wamunyu, Ukambani, akalime. Pale mji mzima unaegemea mgeni, na mgeni wa kule ni wa kutoroka. Mwaka 2000 ulianza kwa neema, dunia nzima inasherehekea miaka 2,000 tangu kuzaliwa Yesu. Kufika Septemba Intifada ya pili, maasi ya Wapalestina dhidi ya Israeli, ikaanza, na karakana zikafungwa. Kabla ya hapo kulikuwa na 1989, ambao Mzee aliuzungumzia kwa raha, kama mtu anayesimulia mechi waliyoshinda. Mji ulikataa kulipa kodi kwa jeshi la Israeli, wakisema hawawezi kulipa kodi kwa serikali wasiyo na sauti ndani yake. Jeshi likauzingira kwa wiki kama sita, likapita nyumba kwa nyumba likibeba samani, jokofu na mashine za karakana kufidia kodi. Suala likafika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba, Marekani ikapiga kura ya turufu. "Mashine zangu zilikwenda," Mzee alisema. "Hii uionayo nilikopa."

Siku ya kuchuma tuliondoka gizani. Familia nzima ilipanda nyuma ya pikapu: Mzee, mkewe, binti, mkwe, wajukuu waliofurahi kukosa shule, na mimi nimekumbatia ngazi. Shamba lilikuwa ukingoni mwa mji, matuta ya mawe yaliyojengwa na watu ambao hakuna aliyewakumbuka. Tulitandika maturubai chini ya mti, wengine wakapanda, wengine wakabaki chini na vichana vya plastiki, unapitisha tawini na zeituni zinaanguka mvua. Nilichukua fimbo nisaidie juu, Mzee akaninyang'anya. Ukilipiga tawi unavunja machipukizi, na machipukizi ndiyo mavuno ya mwakani. Mzeituni wenyewe una maringo, mwaka mmoja unazaa na unaofuata unapumzika, kwa hiyo hakuna wa kuuharakisha. Bibi wa nyumba alikaa katikati ya turubai, miguu ameinyoosha, akitoa majani na vijiti kwa kasi ambayo sisi vijana watatu hatukuifikia. Saa nne wakawasha moto, chai ya mmaramia, majani yao ya kunukia, mkate, jibini, nyanya, na mafuta ya mwaka jana ya kuchovya.

Hapo ndipo nilipouliza swali la kijinga: shamba hili lina faida gani? Nilikuwa nimeshapiga hesabu. Lilikuwa dunamu tatu. Dunamu ni mita za mraba 1,000, kwa hiyo ekari moja ni kama dunamu nne. Tulikuwa watu wazima watano tunahangaika kwenye robo tatu ya ekari. Mkwe angekuwa kazini ujenzini upande wa Israeli siku hiyo, angelipwa mara mbili ya mshahara wa mtu anayefanya kazi hapohapo Bethlehemu, ingawa kibali kilikuwa cha kuombewa na foleni ya kizuizini ilianza kabla ya alfajiri. Yeye alikuwa ameiacha siku hiyo kwa ajili ya magunia ya zeituni.

Mzee hakunijibu. Alinyoosha mkono kaskazini, kwenye kilima kilichojaa maghorofa ya rangi moja. Binti ndiye aliyeeleza. Kile ni Jabal Abu Ghneim. Hadi katikati ya miaka ya tisini kilikuwa msitu wa misonobari, na watu wa Beit Sahour walikuwa na ardhi pale. Israeli ilitangaza kuitwaa mwaka 1991, ujenzi ukaanza 1997, na sasa kinaitwa Har Homa. Babu yake alikuwa na dunamu kadhaa upande ule. Risiti za kodi wanazo, wamezitunza kwenye bati la biskuti.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Sheria ya ardhi ya Waosmani ya 1858, ya enzi za masultani wa Istanbul, inasema ardhi ya aina fulani isipolimwa miaka mitatu mfululizo inaweza kurudi serikalini. Sultani alikwenda zake, sheria ikabaki, na Israeli imeitumia kutangaza maeneo makubwa ya Ukingo wa Magharibi kuwa ardhi ya serikali. Usajili wa ardhi nao ulisimamishwa na jeshi mwaka 1968, kwa hiyo viwanja vingi havina hatimiliki kamili, vina risiti, majirani wa kushuhudia, na miti. Na tangu mapatano ya Oslo kati ya Israeli na Wapalestina, ya miaka ya tisini, sehemu kubwa ya ardhi ya mji huu iko Eneo C, lile lililobaki chini ya mamlaka ya Israeli, ambako huwezi kujenga hata banda bila kibali cha Israeli. Unachoweza ni kupanda na kuchuma. Mimi ni mtu wa Pwani. Habari ya watu kuishi vizazi kwenye ardhi isiyo na karatasi haihitaji kunifafanuliwa mara mbili. Niliacha kupiga hesabu.

"Shida si hao tu," bibi wa nyumba akadakia, hajainua macho. Alitaka nijue kwamba shamba hilo bado liko kwa jina la babu mkwe, na warithi wake wametapakaa. Wengi wako Chile. Wapalestina wa Chile ni mamia ya maelfu, mizizi ya wengi wao ni miji hii mitatu iliyokaribiana, Bethlehemu, Beit Jala na Beit Sahour, na Santiago kuna hata klabu ya mpira inayoitwa Palestino, ya tangu 1920. Mwanawe wa kwanza alikwenda huko kumtembelea mjomba, akaoa. Kila familia kwenye mtaa ule ina mtu wa namna hiyo. Shule zao nzuri, vijana wanasoma hadi chuo kikuu, wakimaliza wanakuta kazi ni hoteli au karakana, na ardhi ya kujengea nyumba ya kuoa imekuwa ghali kupita kiasi kwa kuwa mji hauna pa kutanukia. Basi wanaondoka. Mama akasema neno la kuwalaani wajomba wa Chile, bintiye akakataa kunitafsiria.

Usiku tulipeleka magunia kinuni. Ulikuwa ukumbi wa mashine zenye kelele, sakafu inateleza, wakulima wamekaa juu ya magunia yao wakiyalinda kwa macho mekundu. Zeituni zinapita kwenye kipulizo kinachoondoa majani, zinaoshwa, zinasagwa pamoja na kokwa, uji wake unakorogwa taratibu, na mwisho kabisa kwenye bomba dogo yanatoka mafuta ya kijani yasiyopenyeka kwa macho. Makapi yake ndiyo yaliyokuwa yakichoma kwenye jiko la pembeni. Tulibanika mkate juu yake, tukauweka chini ya bomba. Ulinikwaruza koo hadi nikakohoa, wakapiga makofi, maana mafuta mapya ndivyo yanavyotakiwa kufanya.

Magunia yetu yalikuwa kilo 320. Yakatoka madebe manne ya kilo kumi na sita, na la tano likapata kidogo chini.

Simu ya binti ikalia, picha ya video kutoka Santiago. Kwao ilikuwa bado mchana. Kijana alitaka kujua yametoka mangapi, kwani fungu lake analitaka na kuna mtu wa mtaani anasafiri mwezi ujao. Mzee akasogea kwenye simu, akatangaza bila kupepesa macho: matatu. Kijana akasema haiwezekani, akataka simu igeuzwe aone mwenyewe. Binti akaanza kuigeuza polepole. Mzee akanishika bega akanisukuma nyuma, nikasimama mbele ya debe la nne na lile la tano, mikono nimeitanua kidogo. Kule Chile pakawa kimya kwa sekunde, kisha nikasikia anauliza kwa Kiingereza, "Na huyu ni nani?"

"Mtoto wa fundi," Mzee akamjibu kwa Kiarabu, "na amekula mkate zaidi yako."