Mishipi ya tandiko la farasi: inua ubawa uone imeshikwa wapi

Inua ubawa wa tandiko la Kiingereza, ile ngozi pana inayofunika ubavu, upande wowote, utakuta mishipi mitatu ya ngozi inaning'inia, kila mmoja na safu yake ya matundu. Mkanda wa tumbo, ule unaopita chini ya farasi kulishika tandiko, una bizimu mbili tu kila mwisho. Mshipi mmoja basi unabaki bila kazi, na anayetandika kwa haraka hufunga miwili yoyote iliyo karibu na mkono. Kosa huanzia hapo, kwa sababu mishipi hiyo mitatu haikushikwa mahali pamoja.

Ifuate kwa vidole kwenda juu, chini ya ngozi ya tandiko. Mshipi wa mbele umeshonwa kwenye utepe wake peke yake, utepe mpana na mgumu unaopita juu ya kiunzi, yaani fremu ngumu ya ndani ya tandiko, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Wa kati na wa nyuma wanagawana utepe mmoja. Ukifunga wa kati na wa nyuma, mpandaji anategemea utepe mmoja tu, na siku ukikatika tandiko linageukia tumboni pamoja naye. Ukifunga wa mbele na mmoja wa ile miwili, utepe mmoja ukikatika mwingine unashika kwa muda wa kutosha kumsimamisha farasi na kushuka. Wa mbele lazima uwemo daima. Kwangu hili halina mjadala, hata kama mpandaji ni mtoto wa kuzungushwa uwanjani dakika kumi.

Kuhusu wa pili au wa tatu, hapo una nafasi ya kuamua. Wa mbele na wa pili unafaa farasi wengi. Kama nyuma ya tandiko inarukaruka farasi anapotembea, jaribu wa mbele na wa tatu. Usipishanishe mishipi, na usifunge upande mmoja tofauti na mwingine. Baadhi ya matandiko yana mshipi wa ziada mbele kabisa, kwenye ncha ya kiunzi, wa kuzuia tandiko lisitambae kwenda mabegani. Mengine yana mishipi miwili mirefu tu, bizimu zikakaa chini mbali na paja la mpandaji. Watengenezaji hawafanani, kwa hiyo vidole vyako ndivyo vitakavyokuambia kipi kimeshikwa wapi.

Ukishajua hivyo, tazama hali yake. Ngozi ikunje kwenye tundu lililozoea kutumika. Ikionyesha nyufa ndogondogo kama tope lililokauka, mshipi umekwisha. Tundu la duara likiwa limevutika na kuwa kama yai, mshipi nao umeanza kuchoka, na mara nyingi utapasuka hapo hapo. Kagua mshono unaounga ngozi na utepe: uzi ukikatika sehemu moja, jaribu kuuvuta kwa ukucha uone kama unafumuka. Kisha ingiza mkono juu kabisa, utepe unapopita kwenye kiunzi. Utepe hupigiliwa misumari midogo, na jasho lenye chumvi pamoja na unyevu wa kwetu huishikisha kutu. Alama ya rangi ya chai kwenye utepe ni kutu inayoula taratibu. Sehemu hiyo haionekani ukiwa umesimama tu pembeni, ndiyo maana tandiko linalong'aa kwa nje linaweza kuwa limeoza ndani.

Fundi viatu mzuri anaweza kushona mshipi mpya, ila mweleze unachotaka. Mwombe ashone kwa mkono, kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, kila sindano ikipita tundu lile lile kutoka upande wake. Mshono huo uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado unashika. Wa cherehani ukikatika huweza kufumuka mstari mzima. Badilisha mishipi kwa jozi, kushoto na kulia. Mpya na mzee havivutiki sawa, na baada ya wiki chache tandiko litaegemea upande mmoja. Utepe wenyewe ukiwa umeoza, hapo kazi ni ya mtu anayeweza kulifungua tandiko hadi kwenye kiunzi na kulirudisha. Asiyejua asiliguse.

Mkanda wa tumbo nao una mambo yake. Kuupima urefu, weka tandiko mgongoni pamoja na nguo yake ya chini, kisha pitisha futi kamba kutoka tundu la katikati la mshipi wa upande mmoja, chini ya tumbo, hadi tundu la katikati la upande wa pili. Ukifungwa, bizimu zikae kwenye matundu yanayolingana pande zote mbili, na juu yake yabaki angalau mawili. Mkanda uliofika tundu la mwisho hauna pa kwenda farasi akipungua.

Mikanda mingi ina mpira wa kunyumbuka kwenye miisho. Wenye mpira pande zote mbili naupendelea kuliko wa upande mmoja, kwa sababu huo wa upande mmoja huvuta tandiko kwa nguvu zisizolingana. Lakini mpira una hatari yake: unavutika kirahisi, na mtu hujikuta amekaza kupita kiasi bila kuhisi uzito mkononi. Mpira ukilegea, nunua mkanda mwingine. Usishonee vipande vya tyubu vile vinavyofungia matooke kwenye baiskeli. Vinafaa sana kwa mzigo usiopumua, lakini kifua cha farasi hupanuka na kusinyaa kila pumzi, na mpira wa tyubu hukata ngozi yake kama uzi.

Kabla ya kufunga, pitisha kiganja nyuma ya kiwiko cha farasi, pande zote. Kupe hupenda kujificha hapo penye ngozi laini, na kwenye nyasi za Mburo, hifadhi ya wanyama nchini Uganda, zinakopita nyati na punda milia, hawakosekani. Mkanda ukikaa juu ya kupe au juu ya tope kavu, kwa saa mbili tu umepata kidonda. Mahali pake ni upana wa kiganja kimoja nyuma ya kiwiko, karibu sentimita 10.

Kaza kwa awamu. Awamu ya kwanza ni ya kulishika tandiko tu lisianguke. Mtembeze farasi hatua ishirini au thelathini, kaza tundu moja kila upande. Kisha inua mguu wa mbele, uvute taratibu kwenda mbele, ngozi iliyojikunja chini ya mkanda inyooke. Fanya hivyo na mguu wa pili. Kaza tena kabla ya kupanda, halafu angalia mara nyingine baada ya dakika tano hadi kumi za kutembea, maana hapo misuli imelegea na nguo ya chini imebonyea. Farasi anayejaza kifua hana ujeuri. Anajikaza kwa sababu amewahi kuumizwa. Kumpiga goti tumboni ili atoe pumzi ni ukatili, na kesho atakungoja kwa meno. Akianza ghafla kununa, kurudisha masikio nyuma au kujing'ata ubavu kila aonapo mkanda, mwite daktari wa mifugo. Vidonda vya tumboni huanza kujionyesha hivyo.

Kipimo cha kukaza: vidole viwili bapa vipite kati ya mkanda na mwili, vikibanwa kidogo. Pima pia katikati ya kifua, chini, maana ubavuni mkanda huweza kuonekana umelegea huku chini umebana. Farasi wa mbio waliopimwa nchini Australia wakikimbia juu ya mashine walichoka mapema zaidi mkanda ulipokazwa zaidi. Na tandiko lisilomfaa farasi halitatulia hata ukikaza mpaka alie.

Kwenye miinuko, farasi mwenye mabega mapana na tumbo dogo atalisukuma tandiko nyuma. Hapo tumia mkanda wa kifua, ukiacha nafasi ya ngumi moja mbele ya kifua. Ule si wa kubeba tandiko, ni wa kulizuia lisiende mbali. Kwenye mteremko, kwa farasi au punda mwenye mgongo bapa, mkanda unaopita chini ya mkia husaidia, nao uache vidole viwili juu ya kiuno.

Kanda za vikuku, vile vyuma vya kuwekea miguu ya mpandaji, huchoka bila watu kuona. Ya kushoto hurefuka kwa sababu kila mtu anapandia upande huo, kwa hiyo zibadilishane pande kila mwezi na umpe mpandaji kibao cha kukanyagia. Kichuma kidogo kwenye ndoano inayoshika ukanda kiache wazi daima. Kikifungwa, na mguu ukanasa kwenye kikuku mtu akianguka, ukanda hautachomoka naye ataburutwa.

Ngozi ifute jasho kwa kitambaa chenye unyevu kila siku, kisha sabuni ya ngozi kidogo. Anika kivulini. Jua la juu ya mabati huifanya ivunjike kama mkate mkavu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ukungu wa kijani hutokea kwa usiku mmoja au miwili. Futa kwa siki iliyochanganywa na maji, tundika juu, penye upepo. Mafuta ya kupikia huchacha na kuita panya. Mafuta machafu ya gari huozesha uzi. Hata mafuta halisi ya ngozi yakizidi huilainisha mpaka inavutika, na yasiguse mpira kabisa. Mkanda unaohamishwa kutoka farasi mmoja hadi mwingine hubeba choa, kwa hiyo kila farasi awe na wake, au uoshwe na ukauke kabisa.

Mwenye tandiko la Kimarekani hana mishipi hii. Ana ukanda mrefu unaozungushwa kwenye pete na kufungwa kwa fundo kama la tai, na mara nyingi mkanda wa pili nyuma. Mkanda huo wa nyuma uguse mwili tu, nao lazima uunganishwe na wa mbele kwa kikanda kidogo chini ya tumbo. Bila hicho utarudi hadi penye kinena, na farasi ataanza kurusha mateke.

Mpangilio wa kufunga na kufungua ni ule ule kwa matandiko yote. Mkanda mkuu ndio wa kwanza kufungwa, halafu wa kifua, wa mkia au wa nyuma. Wakati wa kuvua, hiyo mingine ifunguliwe kwanza, mkuu uwe wa mwisho. Ukianza na mkuu, tandiko linateleza na kuning'inia tumboni kwa mkanda wa kifua peke yake, na farasi anaondoka nalo.